Kunguru Niliyemfukuza Kilimani

Mimi na kunguru damu zetu hazijawahi kupatana. Nimezaliwa na kukulia Tanga, na mtu wa Tanga atanielewa bila maelezo. Kunguru wa kwetu huiba samaki jikoni, huiba andazi mkononi mwa mtoto, na akikosa cha kula huiba sabuni akaenda kuidonoa juu ya bati kwa ukaidi tu. Mama yangu alikuwa akianika makopa uani, ile mihogo iliyomenywa na kukatwa vipande, na kazi yangu tangu nikiwa mdogo ilikuwa kukaa pembeni ya jamvi na kulinda. Sikuhitaji manati. Kunguru akikuona unainama tu anajua unaokota jiwe, na anaondoka. Nilijua kuinama kabla sijajua kusoma.

Nayasema haya mapema ili nitakapofika kwenye kosa langu msije mkafikiri nilikusudia.

Nimeishi Wembley zaidi ya miaka kumi sasa, na kazi yangu ni kuwatunza wazee majumbani mwao. Asubuhi naingia nyumba hii, mchana ile, na kila ninachofanya nakiingiza kwenye simu ya kazi: ameoga, amekunywa dawa, amekula. Kisanduku cha chakula ndicho kinachoangaliwa sana. Kikikaa kitupu kupita saa yake, ofisi inapiga kuuliza kulikoni.

Alhamisi nilikuwa wa mzee mmoja. Alikuwa Mhindi wa Mombasa. Alizaliwa huko, baba yake alizaliwa huko, na yeye mwenyewe aliuza vitambaa huko mpaka alipohamia Uingereza na mkewe na watoto wadogo. Siku ya kwanza nilimsalimia kwa Kiingereza. Akanitazama, akaniuliza natoka wapi. Nilipotaja Tanga akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu kwamba watu wa Tanga ni wapole ila wavivu. Nikamjibu kwamba watu wa Mombasa wana maneno mengi. Kuanzia hapo tukaelewana. Kila nikifungua mlango nilimpa shikamoo yake, naye alinirudishia marahaba ndefu ya raha, kwa sababu watoto wake wanakisikia Kiswahili lakini wanajibu kwa Kiingereza, na mkewe, aliyekuwa akizungumza naye kutwa, alikuwa amefariki.

Alikuwa na sukari na magoti mabovu. Binti yake, anayefanya kazi katikati ya jiji, alitupangia muda wa saa tatu kila Alhamisi badala ya saa moja ili baba yake apate kutembea. Nami nilikuwa nikimpeleka kilimani.

Kilima chenyewe si cha kujisifia. Mtu mwenye magoti mazima anakipanda kwa dakika kumi na tano. Sisi kilituchukua karibu saa nzima na mabenchi mawili ya kupumzikia. Unaiacha barabara ya mabasi, unapita nyuma ya nyumba zilizopangana, unaingia kwenye njia ya udongo kati ya vichaka, na baada ya kona mbili husikii tena magari. Kwenye benchi la kwanza unaona mapaa ya nyumba na upinde mweupe wa uwanja wa mpira. Kwenye benchi la pili, karibu kabisa na kilele, miti inaachana na unaliona bwawa lote huko chini, refu, la rangi ya bati, na matete yamelizunguka.

Hapo ndipo mzee alipokuwa akitoa darubini yake. Alikuwa na ndege wake, na aliwaulizia hali zao mtu angedhani ni majirani wa mtaani. Kulikuwa na mnandi waliosimama juu ya magogo wameanika mabawa. Kulikuwa na wale weusi wenye baka jeupe kwenye paji la uso, wagomvi, hawaishi kufukuzana. Kulikuwa na ndege mmoja mwenye kishungi na shingo nyembamba ambaye huzama hapa akaibuka kule, na sisi hucheza kubahatisha ataibukia wapi. Mzee alikuwa akinishinda kila mara. Nilimwambia anakula njama na ndege, akasema watu wa Tanga hawana subira.

Mimi nilizoea kuona ndege ni kitoweo au ni adui, basi. Yeye ndiye aliyenifundisha kukaa na kumtazama ndege bila kumtaka kitu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kila mwaka, kwenye mwezi wa tisa, watu wa dini yake wana siku za kuwakumbuka marehemu wao, na kila marehemu ana siku yake. Unapika chakula alichokipenda, unamtengea kunguru kwanza, na kunguru akila unajua aliyekwenda amepokea na ametulia. Hapo tu ndipo wewe unaruhusiwa kula. Kunguru asipokuja, unabaki na dukuduku.

Mwaka uliotangulia, ambao ulikuwa wa kwanza tangu mkewe afariki, walikitenga chakula bustanini. Akaja kindi. Wakaja njiwa. Kunguru hakuonekana hata kivuli. Mzee alikaa kwenye kiti mlangoni mpaka alasiri bila kutia kitu mdomoni, mwishowe binti yake akamshikia kijiko, akala kwa kulazimishwa. Tangu siku hiyo alikuwa na neno moja ambalo lilimtoka katikati ya mambo mengine kabisa, wakati namfunga viatu au tunangoja chai ichemke. Alisema, "Mke wangu hakula mwaka jana."

Binti yake alinieleza kwamba amemwambia mara nyingi, hiyo ni ishara tu, mama yuko salama kokote aliko. Lakini mzee hakutaka kuelezwa. Alitaka kunguru ale.

Safari hii siku ya mkewe iliangukia Alhamisi, na mzee alikuwa ameshakata shauri: tunakwenda kilimani, kwa sababu kunguru wanakaa juu kule kwenye miti ya mialoni, hawakai bustanini. Nilimpigia simu binti yake kumweleza. Akasema sawa, mradi baba awe amekula na amekunywa kidonge chake kabla ya saa sita, maana kidonge hakinywewi bila chakula, na akikaa sana na njaa huanza kutetemeka. Nikaahidi. Ahadi ile ndiyo iliyonitia joto siku nzima.

Asubuhi nilimkuta jikoni, amevaa shati jeupe, anakoroga wali wa maziwa. Hakukubali nimpikie. Alinikubalia kuwasha jiko na kumshikia kiwiko, na aliniwekea sharti moja, nisilambe mwiko. Chakula kile hakionjwi. Mimi mkono wangu umezoea, nikikoroga naonja, na mara mbili alinikamata mwiko uko njiani kuja mdomoni. Aliweka iliki na zafarani, akakaanga puri tano, vile vimkate vyao vyembamba vya ngano, akavifunga vyote kwenye kopo la bati lililokuwa la mkewe.

Tulipanda taratibu. Asubuhi ilikuwa tulivu, jua la mwezi wa tisa lile lisilochoma, na matunda meusi ya miiba yalikuwa yameiva pembeni ya njia. Kwenye benchi la kwanza hakukaa sana. Kwenye la pili hakuitoa darubini. Mbayuwayu walikuwa wakikatakata juu ya bwawa, wengi, wanajiandaa kuondoka, na nilimwambia kwa utani kwamba hao baada ya wiki chache watakuwa kwetu wakati mimi na yeye tunawasha hita. Alitabasamu kwa adabu tu. Saa tano kasorobo tulifika kileleni.

Alichagua mahali pa nyasi fupi, hatua ishirini hivi kutoka kwenye mwaloni mkubwa. Nikamsaidia kupiga goti. Alitandika sahani ya majani, akaweka puri mbili na wali juu yake, akawaita kunguru kwa lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, mara nyingi. Kisha tukarudi nyuma, yeye kwenye kigoda chake cha kukunja, mimi nimesimama pembeni.

Walikuwapo. Niliwahesabu saba mtini. Kunguru wa huku ni weusi tii, hawana ile shingo ya kijivu ya wale wa Tanga, lakini macho ni yale yale na roho ni ile ile. Walitutazama, wakateta. Akapita mtu na mbwa wake, nikamwomba amfunge kamba, akakubali bila kuuliza. Shakwe mmoja alizunguka juu yetu akakata tamaa. Mikono ya mzee ilikuwa imeanza kucheza kidogo magotini. Nilikuwa na peremende mfukoni kwa ajili ya dharura, na niliishika muda wote.

Saa tano na dakika ishirini kunguru mmoja akashuka. Alitua mbali, akaanza kuja kwa ule mwendo wao wa upande upande, anaruka, anasimama, anajifanya ana shughuli nyingine. Mzee alishika pumzi. Kunguru akafika kwenye sahani, akanyoosha shingo.

Nami nikainama.

Sijui niseme nini zaidi. Sikufikiri. Niliona kunguru anaelekea kwenye chakula cha watu, na mgongo ukakunjika wenyewe, mkono ukaenda chini ukaokota koko la mwaloni, na mdomoni ikanitoka ile "Shaa!" ya uani kwetu. Walipaa wote saba kwa pamoja, wakapiga kelele za kutuapiza, wakaenda zao upande wa bwawa. Sahani ilibaki pale na chakula chake, haijaguswa.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Koko lilikuwa bado mkononi. Mzee alitazama tu kule walikoelekea, na hilo liliniuma kuliko angenifokea. Nikapiga magoti mbele yake nikamwomba radhi. Nilimwambia ni mazoea, ni mkono, sikukusudia. Nikamsihi ale, nikamwambia saa zinakwenda, binti yake ataniuliza. Nikamtolea peremende. Alitikisa kichwa.

"Hajala," alisema. "Nami sili."

Tukakaa. Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa juu yangu mwenyewe, na kidogo, nasema ukweli, juu ya kunguru, maana hata kwenye siku yao ya heshima wanakuja kwa mwendo wa kiwizi. Dakika zilipita. Simu ya kazi ikatetemeka mfukoni. Kisanduku cha chakula kilikuwa kitupu. Niliiacha.

Baada ya muda mzee akaniuliza nani alinifundisha kufukuza vile. Nikamweleza juu ya jamvi na makopa, na mama, na jinsi alivyokuwa akinitazama kutoka jikoni kuhakikisha sijasinzia. Nilidhani anauliza ili anikaripie vizuri. Lakini nilipofika kwenye habari ya sabuni mabega yake yalianza kutikisika. Nikaogopa, nikajua ni sukari imeshuka. Kumbe alikuwa anacheka.

Akaniambia kwamba mkewe, kule Mombasa, alikuwa akiweka beseni la vijiwe kwenye dirisha la jikoni, na hakuwa akikosa shabaha. Kunguru wa mtaa mzima walimjua. Basi mwaka unapozunguka, siku ya kumkumbuka baba mkwe inapofika, familia nzima inapanda darini kuwaita kunguru na hakuna anayeshuka, kwa sababu yule mama wa vijiwe amesimama pale pale na sari yake nzuri, anawaita kwa upole. Mama mkwe wake ndiye aliyegundua. Tangu hapo, kila mwaka siku hiyo, walikuwa wakimfungia mkewe jikoni mpaka kunguru wamalize kula.

"Kunguru hasahau sura," alisema. Akafuta macho. "Nenda kakae pale kwenye benchi. Uwape mgongo."

Kazi yangu hainiruhusu kumwacha mtu wa sukari ambaye hajala, tena kilimani. Lakini benchi la pili lilikuwa hatua thelathini tu chini yake, na sauti inafika. Nilimwachia peremende mapajani. Nikashuka, nikakaa, uso nikaupeleka bwawani, mikono nikaitia mifukoni.

Sijawahi kulitazama bwawa lile kwa makini kama siku hiyo, kwa kuwa sikuwa na ruhusa ya kutazama kwingine. Mnandi watatu kwenye gogo. Bata maji wawili wameganda karibu na matete. Ndege mwenye kishungi alizama, nikahesabu, akaibuka mahali ambapo sikutarajia, kama kawaida. Nyuma yangu nilimsikia mzee akiita kwa ile sauti ya chini. Kisha akanyamaza. Nikasikia mabawa, mazito, yakipita juu ya kichwa changu, na kivuli kikakatiza nyasi mbele ya miguu yangu. Mikono ilinitoka jasho ndani ya mifuko. Nilimwomba Mungu, na nilimwomba kwa ajili ya kunguru, jambo ambalo mama yangu asingeliamini.

"Usigeuke," mzee alisema. "Yuaja."

Sikugeuka. Nilisikia majani ya sahani yakikwaruza.

"Anakula," alisema. Baadaye kidogo akasema tena, "Anakula, mwanangu. Sasa wawili."

Aliponiita nilikuwa nimeshaanza kulia na sikujua. Nilipanda kwa kuzunguka mbali, nikipita nyuma ya vichaka, mpaka nikamfikia. Kunguru mmoja alikuwa bado pale, ana wali wa maziwa mdomoni, anafuta mdomo huku na huku kwenye nyasi bila haya. Nilimwona kwa macho yangu. Tukamngoja amalize.

Halafu mzee akala. Alikula puri mbili na wali wote uliokuwa kwenye kifuniko, kwa vidole, haraka kidogo kwa njaa, akanywa kidonge chake. Ilikuwa saa sita na dakika saba. Nikatoa simu ya kazi, ina simu mbili nilizozikosa, nikabonyeza kisanduku: amekula, chote. Nikampigia binti yake nikamwambia baba yake amekula, na kwamba kunguru naye amekula. Akaniomba nirudie ile ya pili, nikairudia.

Tulipokuwa tunafunga kopo mzee aliniuliza, bila kunitazama, sisi kwetu tunawawekea nini waliotangulia. Nikamwambia hatuweki chakula, tunawaombea dua na kutoa sadaka. Akauliza kama mama yangu yu hai. Nikamwambia alifariki wakati pasi yangu iko kwa watu wa uhamiaji na sikuweza kusafiri. Mazishi niliyaona kwenye simu, chumbani, picha inakatakata, na kitu pekee nilichokiona vizuri ni uani kwetu, wanawake wamekaa kwenye majamvi pale pale nilipokuwa nikilinda makopa. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote kazini habari hiyo. Iliniuma siku ile na inaniuma hata leo.

Mzee alitoa puri ya mwisho kwenye kopo, akaikunja na kijiko cha wali ndani yake, akanipa. Nilikula nikiwa nimesimama. Ilikuwa tamu sana, na nilielewa kwa nini nilikatazwa kulamba mwiko, pasingebaki kitu.

Nikamwinua. Alisimama akishikilia bega langu, akatazama bwawa kwa mara ya kwanza siku hiyo, mbayuwayu na vyote.

"Zamu yangu ikifika watoto wataweka bustanini," alisema. "Hawajui mahali pengine. Utawaleta hapa?"

"Nitawaleta, Mzee."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Pale kwenye benchi," nilimwambia. "Mgongo huku. Mikono mifukoni."

Aliitikia kwa kichwa, akaridhika. Mkono mmoja nikautia mfukoni kabisa, wa pili nikamshika nao kiwiko, tukaanza kushuka.